Mpanda farasi mmoja aliwezaje kuwa bingwa kwa miaka 20 mfululizo?

Mwalimu wa Pasiansi ameuliza:

Habari zenu wana jukwaa. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mwanza, na jioni, vipindi vikiisha, nafundisha ngumi kwa vijana kumi na wanane katika kiwanja kilicho nyuma ya madarasa. Wiki mbili zilizopita, siku moja kabla ya pambano la kirafiki na wenzetu wa Sengerema, niligundua kwamba kijana wangu mmoja wa kidato cha tatu hakuwa ametia maji mdomoni tangu siku iliyotangulia, na kwamba mchana wa jua kali alikuwa amekimbia kutoka Kirumba hadi Bwiru na kurudi akiwa amevaa masweta mawili. Alikuwa amezidi uzito kwa kilo moja na nusu, akaona aibu kuniambia. Nilipomuuliza ni nani aliyemfundisha mambo hayo, alifungua simu akanionyesha picha za mpanda farasi wa Ireland ya Kaskazini aitwaye Tony McCoy, kisha akasema: “Mwalimu, huyu ni mrefu kuliko wewe, alikuwa anajinyima hivi kila siku, na amekuwa bingwa miaka 20.”

Nilimpa maji, nikaliondoa jina lake katika orodha ya pambano, lakini usiku sikupata usingizi kwa sababu sikuwa na la kumjibu. Farasi mimi nimewaona kwa macho mara mbili tu maishani, na mbio za farasi kuruka viunzi sijapata kuzishuhudia. Ninaomba mwenye kuzifahamu anieleze ubingwa huo unahesabiwaje hata mtu mmoja aushike miaka 20, mtu huyu alianzaje, na kama ni kweli kwamba njaa ndiyo iliyomfikisha pale. Nataka nirudi kwa vijana nikiwa na maelezo ya kweli, maana wakigundua kwamba nimewatisha kwa uongo hawataniamini tena.

Saisi wa Musoma amejibu:

Mwalimu, nimefanya kazi ya usaisi, yaani kutunza farasi, kwa miaka 11 katika mabanda ya farasi pale Ngong, Nairobi, kwenye uwanja wa mbio uliofunguliwa mwaka 1954. Sasa nimerudi nyumbani Musoma, nina mbuzi wangu na punda wawili. Mbio tulizokuwa tukiziandaa kule zilikuwa za tambarare, yaani farasi anakimbia bila kuruka kitu, lakini mwezi Machi, wakati wa mbio kuu za kuruka za Cheltenham kule Uingereza, masaisi wote tulikusanyika mbele ya televisheni ya mzee mmoja, na McCoy tulimfuata kama watu wa Mwanza wanavyofuata Simba na Yanga. Kwa hiyo nakujibu kama mtu aliyempenda.

Mbio za kuruka zina asili yake Ireland. Inasimuliwa kwamba mwaka 1752 mabwana wawili katika eneo la Cork walishindana kwa farasi kutoka kanisa la Buttevant hadi kanisa la Doneraile, umbali wa karibu kilomita 7, wakikata mashamba, kuta na mitaro iliyokuwa njiani huku wakilenga mnara wa kanisa, jinsi mvuvi anayerudi alfajiri anavyolenga jiwe analolifahamu ufukweni. Siku hizi vizuizi vimewekwa makusudi uwanjani. Kuna viunzi vyepesi vinavyozidi mita moja kidogo, na kuna nyua za matawi yaliyofungwa pamoja, ambazo haziwi chini ya mita 1.37. Farasi wa mbio hizi ni wakubwa kwa umri na kwa mwili kuliko wale wa tambarare, wengi wao ni maksai, yaani madume waliohasiwa, na ndiyo sababu mpandaji naye anaruhusiwa kuwa mzito zaidi. Katika enzi za McCoy uzito wa chini kabisa ambao farasi angepangiwa kubeba Uingereza ulikuwa kilo 63.5, na ndani ya kilo hizo limo tandiko pia. Akiwa mwepesi kupita kiwango alichopangiwa farasi, mpandaji huongezewa vipande vya madini ya risasi katika kitambaa cha tandiko. Akiwa mzito, hapandi, au anapanda akiwa na uzito wa ziada unaomkera mwenye farasi. Anapimwa kabla ya mbio, na washindi hupimwa tena wakirudi.

Sasa njoo kwa McCoy mwenyewe. Alizaliwa Mei 1974 katika kijiji cha Moneyglass, kaunti ya Antrim, na akiwa na miaka 15 alikwishaacha shule na kwenda kwa mkufunzi Jim Bolger ili awe mpandaji wa mbio za tambarare. Farasi wake wa kwanza kushinda aliitwa Legal Steps, uwanja wa Thurles, Machi 1992. Mwaka uliofuata alianguka mazoezini akavunjika mguu, na katika miezi ya kuuguza mguu alirefuka na kunenepa hata mlango wa tambarare ukafungwa. Mtu wa urefu wa mita 1.78 hawezi kugombea tandiko na watu wa kilo 53. Mwaka 1994 akavuka bahari kwenda Uingereza, akaingia mbio za kuruka, na msimu wake wa kwanza huko akashinda mara 74 akawa bingwa wa wapandaji wanaojifunza. Msimu uliofuata, 1995/96, akawa bingwa wa wote. Hakuuachia ubingwa huo hadi alipostaafu 2015.

Unauliza unahesabiwaje. Hapa ndipo ninapotaka vijana wako wasikilize, kwa sababu ndipo watu wengi wanapokosea. Ubingwa huo unahesabiwa kwa idadi ya ushindi wa msimu mzima, kuanzia mwisho wa Aprili hadi Aprili nyingine, na ushindi katika mbio ndogo mbele ya watu mia tatu siku ya mvua una hesabu sawa na ushindi wa Cheltenham mbele ya makumi ya maelfu. Wavuvi wa huku watanielewa. Kuna anayejulikana ziwa zima kwa sababu siku moja alivua sangara mkubwa, na kuna anayetoka kila usiku wa giza na taa zake, usiku baada ya usiku, akarudi na dagaa ndoo kwa ndoo. Ubingwa wa McCoy ulikuwa wa dagaa. Alikuwa na wakala, Dave Roberts, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa na simu akimtafutia farasi wa kupanda katika kila uwanja uliokuwa na mbio, na yeye akawa barabarani kila siku, Newton Abbot leo, Towcester kesho. Alikuwa pia na bahati ya kupata mkufunzi aliyefikiri kama yeye. Martin Pipe aliwaandaa farasi wake wawe wakakamavu kuliko wa wengine na kuwatuma uwanjani mara nyingi, na wawili hao walipokuwa pamoja, McCoy alishinda mara 253 katika msimu wa 1997/98, akavunja rekodi ya Peter Scudamore ya 221. Msimu wa 2001/02 akafikisha 289, akampita hata Gordon Richards, mpandaji wa tambarare ambaye mwaka 1947 alikuwa ameshinda mara 269. Mwaka 2004 alihamia kupanda farasi wa tajiri wa Ireland, JP McManus, watu wakasema atashuka, lakini hakushuka. Ushindi wake wa 4,000 ulikuja Novemba 2013 juu ya farasi aitwaye Mountain Tunes, pale pale Towcester, uwanja mdogo usio na fahari yoyote, na mimi naona ulistahili kupatikana mahali kama hapo.

Mbio kubwa nazo hakuzikosa. Alishinda Cheltenham Gold Cup mwaka 1997 na 2012. Grand National ya Aintree, yenye vizuizi 30 na, wakati ule, farasi 40, ilimkatalia mara 14. Aliipata mara ya 15, mwaka 2010, juu ya Don't Push It, na mwisho wa mwaka ule BBC wakamchagua kuwa mwanamichezo wa mwaka, mpanda farasi wa kwanza kupewa heshima hiyo. Huyu ndiye mtu ambaye kijana wako amemwona katika simu. Kuhusu njaa nawaachia wenye elimu ya mwili, ila nasema hivi kutokana na niliyoyaona: katika mabanda ya Ngong tulikuwa na wapandaji wengi waliojinyima chakula, na hakuna hata mmoja aliyekuwa bingwa kwa sababu ya kujinyima.

Muuguzi wa Nyamagana amejibu:

Shikamoo Saisi. Mwalimu, nakupongeza kwa kumpa maji yule kijana na kumtoa katika orodha, kwa sababu wapo walimu ambao wangemsifu.

Ni kweli McCoy alijinyima. Bila kujizuia uzito wake ungepita kilo 70, na kwa miaka 20 aliushikilia chini ya hapo kwa kula kidogo sana na kukaa katika maji ya moto mno ili jasho litoke kabla ya kwenda uwanjani. Yeye mwenyewe ameyasema hayo hadharani mara nyingi. Lakini kijana aelewe ni kitu gani kinachotoka mwilini katika maji yale ya moto, au ndani ya masweta mawili juani. Mafuta hayatoki. Yanayotoka ni maji, na damu inapopungukiwa na maji moyo unalazimika kupiga haraka zaidi ili kuusukuma mzigo uleule, misuli inachoka mapema, na akili inachelewa kuamua. Kwa mpanda farasi kuchelewa huko ni kukosea hatua mbele ya uzio. Kwa mpigana ngumi ni kutouona mkono unaokuja, na kichwa kisicho na maji ya kutosha ni kichwa ambacho mimi singependa kipigwe. Kwa mtoto wa miaka 16 ambaye mifupa bado inakua ni vibaya zaidi. Watafiti waliowapima wapanda farasi wa mbio wamewakuta wengi wakiwa na mifupa dhaifu kuliko watu wa umri wao, na kazi yenyewe ni ya kuanguka.

Mwalimu, kuna tofauti nyingine ambayo naomba uitilie mkazo. Kilo za mpanda farasi zinapangwa kwa ajili ya farasi, ili aliye bora abebe zaidi na mbio ziwe na usawa, kwa hiyo mtu mrefu anayeipenda kazi hiyo hana pa kukimbilia. Madaraja ya uzito katika ngumi yamewekwa kumlinda mpigaji mwenyewe, na juu ya daraja lake kuna daraja lingine ambapo atakutana na wenzake wa mwili kama wake. Kilo moja na nusu za kijana wako hazikuwa kosa. Zilikuwa zinamwambia kwamba amekua.

Kuhusu majeraha nitasema machache. McCoy alivunjika mbavu, mitulinga, mguu, kifundo, meno na kadhalika. Januari 2008 alianguka Warwick, akavunjika pingili mbili za uti wa mgongo, akafanyiwa upasuaji wa kuwekewa vyuma, na Machi alikuwa amerudi Cheltenham. Watu wanasimulia habari hiyo kama ushujaa, na ujasiri wake siukatai, lakini alikuwa na madaktari bingwa waliomfuatilia kila siku, na katika kila mbio za kule magari ya wagonjwa hukimbia sambamba na farasi. Pia kuna mfuko wa kuwasaidia wapandaji walioumia ambao ulianzishwa mwaka 1964 baada ya wapandaji wawili, Tim Brookshaw na Paddy Farrell, kupooza kwa kuanguka. Vijana wetu wanaona anguko na kurudi, na huo mpangilio wote uliopo katikati hawauoni katika simu.

Binti wa Ukerewe amejibu:

Ninashukuru kwa maelezo. Mimi hupiga kasia katika mashindano ya mitumbwi ya wanawake, na ningependa Mwalimu asirudi kwa vijana na McCoy peke yake, kwani nadhani miongoni mwa hao kumi na wanane kuna wasichana.

Rachael Blackmore alizaliwa mwaka 1989 katika familia ya wafugaji, kaunti ya Tipperary, Ireland. Hakuacha shule, alisoma hadi akapata shahada ya sayansi ya farasi Chuo Kikuu cha Limerick, huku akipanda kama mtu asiyelipwa. Alishinda kwa mara ya kwanza mwaka 2011, akaingia kazi ya kulipwa mwaka 2015 akiwa na miaka 25, umri ambao McCoy alikuwa na ubingwa kadhaa tayari. Hakuna aliyemtabiria makubwa. Alipanda farasi waliokataliwa na wengine, akaanguka, akapanda tena, na msimu wa 2016/17 akawa mwanamke wa kwanza kuwa bingwa wa wapandaji wanaojifunza Ireland. Baada ya hapo mkufunzi Henry de Bromhead alianza kumpa farasi wake walio bora, na mwezi Machi 2021 alishinda mbio sita katika siku nne za Cheltenham akawa mpandaji bora wa tamasha lile. Tarehe 10 Aprili mwaka uleule alishinda Grand National juu ya Minella Times. Mbio hizo zilianza 1839, na mwanamke wa kwanza kushiriki, Charlotte Brew, aliingia 1977. Mwaka 2022 Blackmore akashinda Gold Cup na A Plus Tard. Alikuwa pia na farasi jike, Honeysuckle, aliyeshinda mara 16 mfululizo kabla ya kushindwa kwa mara ya kwanza, na mimi niliwahi kuamka usiku ili nirudie kumtazama tu.

Ninachokipenda kwake ni kwamba hakuharakishwa. Julai 2021, miezi mitatu baada ya Aintree, alianguka Killarney akaumia kifundo na nyonga, akakaa nje hadi apone. Septemba 2024 aliumia shingo, akakaa nje tena. Alirudi, akashinda Cheltenham mwezi Machi 2025, na Mei akastaafu kwa hiari akiwa na miaka 35. Katika mitumbwi nasi tuna maneno ya kuwaambia wanaotaka kuongoza tangu mpigo wa kwanza: ziwa halikimbii.

Mwalimu wa Pasiansi ameandika:

Nawashukuru kwa dhati. Wasichana ni wanne, dada, na jana nimewasomea wote majibu yenu chini ya mwembe, neno kwa neno. Walisikiliza kwa utulivu kuliko nilivyotarajia. Sehemu ya dagaa ilieleweka mara moja, kwa kuwa nusu yao wazazi wao wanafanya kazi mwaloni Kirumba.

Yametoka maswali mawili ambayo sikuweza kuyajibu. Msichana mmoja ameuliza farasi wanaoanguka wanakuwaje, kwa sababu Muuguzi amezungumzia mifupa ya watu peke yake. Na yule kijana wa masweta, ambaye alikuwa kimya muda wote, ameuliza kama McCoy alikuwa wa kwanza miaka 20, basi wa pili alikuwa nani.

Saisi wa Musoma amejibu:

Mwalimu, nitaanza na la msichana kwa kuwa ndilo gumu. Farasi wengine huvunjika mguu, na mguu wa farasi uliovunjika vibaya mara nyingi hauponi, kwa hiyo daktari wa mifugo humaliza maumivu yake palepale. Synchronised, farasi aliyempa McCoy Gold Cup ya 2012, alikufa Aintree wiki chache tu baadaye. Alimwangusha mpandaji wake, akaendelea kukimbia peke yake bila mtu, akavunjika mguu katika uzio mwingine. Baada ya miaka ile nyua za Aintree zimelegezwa ndani yake, na tangu 2024 farasi wamepunguzwa kutoka 40 hadi 34. Mimi niliyewalisha na kuwapiga brashi farasi kwa mikono yangu naona hatua hizo zilichelewa, na bado naona zipo zinazohitajika. Mwambie huyo binti kwamba saisi yeyote huulizia farasi kwanza, halafu mpandaji.

Wa pili aliitwa Richard Johnson. Alizaliwa 1977, mtoto wa wakulima, na alimaliza nyuma ya McCoy katika nafasi ya pili mara 16. Mara 16, Mwalimu. Alishinda Gold Cup mwaka 2000, alishinda mbio zaidi ya 3,000, na kila Aprili ikifika alimpa mkono yuleyule mmoja na kurudi kazini. Hakubadilisha nchi wala hakumchukia mwenzake. Siku McCoy alipostaafu pale Sandown, tarehe 25 Aprili 2015, akimaliza wa tatu juu ya farasi wake wa mwisho, Johnson alikuwa na karibu miaka 38, umri ambao wengi huwa wamekwisha kuacha. Msimu uliofuata akawa bingwa. Akawa bingwa tena uliofuata, na uliofuata, na uliofuata, mara nne kwa jumla, akastaafu Aprili 2021.

Mwezi ujao naleta mbuzi mnadani Mwanza, na nikimaliza nitapita hapo shuleni. Nina tandiko moja la mbio nililopewa nilipokuwa naondoka Ngong, ni dogo na jepesi kuliko wanavyodhani. Nitaliweka kwenye mizani yenu ya ngumi ili kila mmoja alione lina gramu ngapi, kisha yule kijana alibebe.